Miaka Yangu na Mbu Wagonjwa

Nimestaafu nikiwa na umri wa miaka thelathini na tatu. Nikilitaja jambo hilo hapa mtaani Tuwan watu hucheka kwanza, kisha hunitazama kichwani kutafuta mvi. Sina mvi. Nina kifua kisichotaka tena kuingia kwenye chumba cha mbu, na kwa kuwa kazi yangu yote ilikuwa ndani ya chumba hicho, mimi na kazi tumeachana.

Naandika haya kwa ajili yenu mliobaki Bungoma, na wale mtakaoajiriwa baada yenu. Vyeo sitavitaja kwa sababu havikuwa vingi. Nitasema nilichokiona, nilichofundishwa, na vile kazi ile ilivyonikalia. Aya hizi mbili nimezifuta na kuziandika upya mara nyingi mpaka mama yangu, aliyekuja kunitembelea kutoka kijijini kwetu Kwanza, akaniuliza kama ni barua ya mapenzi. Mnanijua. Mimi ndiye yule aliyekuwa akinyoosha vikombe vya karatasi vya mbu mpaka mishono yake ielekee upande mmoja.

Swali letu lilikuwa moja. Kila mtu anajua malaria inamfanya nini binadamu. Sisi tulitaka kujua inamfanya nini mbu. Vijidudu vile vinaingia tumboni mwake pamoja na damu, vinajenga vifuko kwenye ukuta wa tumbo, vifuko vinapasuka, na vijidudu vipya vinatambaa hadi kwenye tezi za mate. Yeye anajisikiaje muda huo wote? Anaugua? Anataga mayai machache? Anakufa mapema? Si swali la kipuuzi, maana mbu anayekufa kabla vijidudu havijafika kwenye mate hamwambukizi mtu yeyote. Nilitaka niwepo siku jibu litakapopatikana, nikiwa nimesimama ndani ya chumba kile na koti langu jeupe. Sikuitaka kazi ile kwa sababu nyingine yoyote.

Mama yangu aliposikia swali hilo mara ya kwanza alifikiri kidogo, akasema, "Kwa hivyo mbu akiumwa mnampeleka hospitali gani?"

Sikusomea kazi hii. Nilimaliza kidato cha nne huko Kwanza, ambako babu yangu alikuja kutoka Nyeri akanunua shamba la mahindi, na baada ya mtihani hapakuwa na chuo. Nilipata kazi ya kuuza mbegu na dawa za mifugo kwenye duka moja la Kitale, nikapanga chumba Tuwan. Vitabu vya baiolojia nilivinunua vikiwa vimetumika, kwa wale wanaovitandaza chini kando ya barabara. Kimoja kilikuwa kimeng'olewa sura nzima ya mfumo wa damu. Mengine niliyatazama kwenye simu. Nilichomeka sindano za kushonea kwenye maganda ya kalamu za wino, nikawa nawapasua mbu wa nyuma ya choo cha ploti, wale wakubwa wazembe ambao hata hawabebi malaria, chini ya hadubini ya mtumba yenye lenzi iliyopasuka. Majirani walijua kwamba nina kasoro fulani ila si ya hatari.

Nilipokwenda Bungoma kwa usaili nilibeba picha za matumbo ya mbu niliyoyachora kwa penseli. Hakuna aliyeziangalia. Walinidunga kidole kabla ya kuniuliza jina. Ndipo nilipoelewa kwa nini tangazo lilisema wanapendelea mtu anayetoka sehemu za baridi. Bungoma watu wazima wengi hubeba vijidudu vya malaria bila homa. Wanalima navyo, wanaimba kwaya navyo, hawajui. Lakini ili tuwalinganishe mbu wagonjwa na mbu wazima, wazima lazima wanywe damu ambayo haina kijidudu hata kimoja. Damu yangu, iliyokuzwa na baridi ya Kwanza, ilikuwa safi. Niliajiriwa kwa ajili ya damu. Habari ya sindano na mikono yangu waliigundua baadaye, na nilihakikisha wanaigundua.

Aliyenipokea siku ya kwanza alikuwa Mama Simiyu, mwanamke wa Matulo, mnene kiasi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita watu kutoka upande wa pili wa shamba. Alikuwa amefuga mbu kwa miaka mingi kuliko mtu yeyote pale. Chumba kilikuwa na joto la kukaba na unyevu wa taulo mbichi, na kilinuka chakula cha samaki kilichosagwa, ambacho ndicho viluwiluwi hulishwa. Alinionyesha kizimba cha mbu wazima, kile cha kutagia mayai, chenye mkono wa kitambaa pembeni. Akaniambia niingize mkono wangu.

"Ngoja," akasema kabla sijafika. "Umepaka nini?"

"Mafuta tu, Mama."

"Ya kunukia?"

"Kidogo."

"Kaoshe. Na maji peke yake, sabuni hapana. Hawa hawaendi harusi."

Nilirudi, nikaingiza mkono, nikaona wanavyotua. Nilitaka kuutoa. Mama Simiyu hakunishika wala hakuniambia nivumilie. Alianza kunisimulia vile ng'ombe wake alivyokataa kukamuliwa asubuhi ile, kwa urefu, mpaka ng'ombe akakubali kukamuliwa, na wakati huo mbu walikuwa wameshashiba, matumbo mekundu kama mbegu za komamanga. Hivyo ndivyo alivyofundisha. Hakuwa na maneno ya kufundishia.

Aspireta, lile bomba la glasi la kunyonyea mbu mmoja mmoja kwa mdomo, lilinisumbua kwa majuma. Kuna kipande cha neti ndani kinachozuia mbu asifike mdomoni, lakini kipande hicho huchakaa. Mama Simiyu aliniambia, "Vuta kama unaonja chai moto. Ukivuta kama soda utamkula." Nilivuta kama soda. Wekesa, kijana aliyekuwa akitukusanyia viluwiluwi kutoka kwenye madimbwi ya mashimo yanakochimbwa udongo wa matofali, alinikuta nikitema kwenye sinki.

"Niaje, Tuwan," akasema. Hilo ndilo jina alilonipa tangu siku ile. "Umeshakula wangapi leo? Utabakishia Daktari?"

Daktari alikuwa mkuu wa mradi, mwanamke mpole mwenye kuuliza maswali mafupi, na siku nyingi alikuwa safarini. Tulimwogopa kwa sababu hakuwa mkali.

Sasa niseme juu ya jioni. Mtu ambaye damu yake ilitumika alipewa masharti: apimwe kila wiki, alale ndani ya neti, asikae nje bila kujifunika giza likianza kuingia. Ni masharti ya busara na wengine wangeyafuata kwa busara. Mimi niliyafuata kama mtu anayebeba yai juu ya kichwa. Chumba changu cha kupanga pale Bungoma nilikifunga kabla ya saa kumi na mbili, kila siku, nikaziba ufa chini ya mlango kwa nguo. Nilivaa soksi nzito kwenye joto. Kwaya ilifanya mazoezi jioni, kwa hiyo sikujiunga na kwaya. Wafanyakazi wenzangu walikaa nje ya kibanda cha chai wakibishana juu ya mpira, nikawasikia nikiwa ndani, nikajua sauti ya kila mmoja na bado sikujua watoto wao wanaitwa nani. Watoto wa mwenye nyumba waliniita Mama Neti. Nilijiambia kwamba ni kwa ajili ya kazi, na ilikuwa kwa ajili ya kazi. Lakini pia nilikuwa nimepata sababu nzuri ya kutojaribu, na mtu mwoga akipata sababu nzuri huishika kwa mikono miwili.

Mume wa Mama Simiyu alipofariki, watu wa kazini walikwenda Matulo kila jioni kukesha na familia, kama inavyotakiwa. Wanakaa nje, moto unawashwa, watu wanaimba na kusimulia mambo ya marehemu mpaka kunapambazuka. Mimi nilikwenda mchana. Nilibeba sukari na unga, nikaosha vyombo na wanawake, nikakaa kwenye turubai. Saa kumi nikaanza kuangalia jua. Wekesa alikuwa akishusha viti, akaniona nikichukua mkoba.

"Ati unaenda? Watu ndio wanakuja, bana."

"Unajua masharti yangu, Wekesa."

"Huyu anaogopa mbu ama anaogopa sisi?" akawauliza waliokuwa karibu. Walicheka kidogo, si kwa ubaya.

Mama Simiyu aliacha watu wake akanisindikiza hadi barabarani, na mfiwa hatakiwi kumsindikiza mtu. "Enda," akasema. "Giza linakuja." Kwa miaka nimeligeuza neno hilo kichwani, nisijue kama alikuwa ananihurumia au alikuwa ananiacha. Sikumuuliza. Tulirudi kazini, tukaongea juu ya mbu.

Na mbu walikuwa wametuletea maajabu. Tulikuwa tukiwalisha kupitia glasi yenye maji moto iliyofungwa ngozi nyembamba chini: kundi moja lilipata damu ya watu waliokubali wenyewe kutolewa, wenye vijidudu, na kundi la pili lilipata damu yangu. Kisha tuliwaweka kwenye vikombe vya karatasi vilivyofunikwa neti, tukawapa pamba iliyochovywa maji ya sukari, tukangoja kuona nani anakufa lini. Kila mara matokeo yalikuwa yale yale. Wagonjwa waliishi zaidi ya wazima. Si kwa tofauti ndogo. Mbu waliojaa vifuko tumboni walikuwa wakirukaruka wakati wazima wamelala chali chini ya kikombe.

Nilifurahi kuliko inavyofaa. Nilidhani tumegundua kwamba kijidudu humtunza mbu wake. Nilianza kuota nikimweleza mtu fulani jambo hilo, ingawa hata katika ndoto sikujua ni nani.

Daktari alisoma matokeo, akashukuru, kisha akaleta kiti cha plastiki akakaa kwenye kona ya chumba tangu asubuhi. Hakugusa kitu. Alitutazama tu. Mbu wagonjwa tulikuwa tumewaweka kwenye chumba kidogo cha ndani, ndani ya kabati lenye neti mbili na kufuli, maana kila mtu aliogopa mmoja wao asitoroke. Kwa sababu ya woga huo tuliwakagua asubuhi, mchana na jioni, na kila tulipowakagua tulibadilisha pamba ya sukari na kulowesha taulo upya. Wazima walikuwa kwenye rafu ya wazi. Hao nani angewaogopa? Walipata pamba mpya asubuhi, basi.

Jioni Daktari akasema, "Mama Simiyu, mbona hawa wa kabatini wanapata sukari mara tatu?"

Mama Simiyu alimtazama kana kwamba ameulizwa kwa nini watoto hufunikwa blanketi.

"Daktari, si ni wagonjwa?"

Daktari akaanza kucheka, na Wekesa akacheka mpaka akashika ukuta, na Mama Simiyu mwenyewe, alipoelewa, akajifuta machozi kwa leso. Mimi nilikwenda stoo nikakaa kati ya magunia ya pamba, nikalia. Hakuna aliyekosea peke yake. Tulikosea wote, kwa huruma na kwa woga, na kosa lilikuwa la kuchekesha kweli. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikinyoosha vikombe. Nilikuwa nimevinyoosha vizuri kabisa, kwenye rafu mbili zisizofanana.

Wekesa alikuja mlangoni. "Tuwan, toka bana. Si mtu amekufa. Ni mbu."

Tulianza upya, na njia tuliyoanza nayo ndiyo mnayoitumia mpaka leo, kwa hiyo mjue ilitoka kwenye kicheko kile. Vikombe vyote huchanganywa chumba kimoja, vyote neti mbili, vyote pamba ile ile saa ile ile. Anayehudumia hajui nani mgonjwa na nani mzima. Mbu akifa, anapasuliwa asubuhi ile ile, na mwili wake ndio unaosema: vifuko kwenye tumbo au hakuna, vijidudu kwenye tezi za mate au hakuna. Hapo ndipo sindano zangu zilipopata kazi. Kung'oa tezi za mate za mbu kunataka ukandamize kifua kwa sindano moja, uvute kichwa kwa nyingine polepole sana, na tezi zinatoka zikining'inia kama vidole vya glavu. Ukiharakisha, zinabaki ndani. Ukishika pumzi mkono unatetemeka, ingawa kila kitabu kitakuambia ushike. Pumua tu. Nawaambia haya mimi ambaye sasa kupumua nakujua kwa undani.

Tulichokiona kwenye vikombe vyetu, nisiseme zaidi ya hapo, ni kwamba ugonjwa upo lakini si mkubwa kama tulivyodhani, na una hila. Wagonjwa walitaga mayai machache zaidi. Wakiwa na sukari ya kutosha waliishi karibu sawa na wenzao. Na vijidudu vilipofika kwenye mate, tabia ilibadilika: tuliposhusha glasi ya damu, hao walirudi na kurudi, wanadunga, wanakunywa kidogo, wanaondoka, wanarudi tena. Kama mtu anayekwenda jikoni kufunua sufuria na hajui anatafuta nini. Nilikuwa nikiwatazama muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Likabaki jambo moja. Kwenye chumba chetu hakuna anayekosa sukari, lakini nje, kiangazi, maua yanaadimika. Je, njaa ikija, mgonjwa anaanguka kwanza? Daktari akapanga kundi la mwisho: siku nyingine sukari, siku nyingine maji matupu, mpaka mbu wa mwisho afe. Hilo ndilo lingemaliza swali. Hilo ndilo nililotaka kuliona mpaka mwisho wake.

Kikohozi kilikuwa kimeanza kabla. Mbu ana magamba madogo kwenye mabawa, madogo kuliko vumbi la unga, na kwenye chumba chenye maelfu yao hewa yote imejaa magamba. Wengi wenu hayatawafanya kitu. Mimi yalianza kwa kuniwasha macho, kisha nikawa napiga chafya, kisha nikawa naamka nikisikia filimbi ndani ya kifua changu mwenyewe. Nilivaa barakoa, nikavaa mbili. Tabibu wa kliniki alinisikiliza mgongoni akasema ni pumu, na kwamba ni hewa ya kazini inayoniletea. Akanipa inhela. Akaniambia dawa itanisaidia nikiwa nje ya chumba kile, ila hakuna dawa ya kunisaidia nikiwa ndani yake.

"Nimebakisha kundi moja tu," nikamwambia.

"Kundi la nini?"

"La mbu."

Aliandika kitu, sijui nini.

Niliwaambia kazini, msidhani nilificha. Mama Simiyu alianza kunipokonya kazi za kufagia vizimba. Wekesa aliacha kunitania kwa siku kadhaa, jambo lililoniogopesha kuliko filimbi. Kundi la mwisho lilikuwa limefika katikati. Siku moja ya maji matupu, asubuhi, nikiwa nimeinamia rafu ya chini, hewa iliingia ikakataa kutoka. Nakumbuka nilikiweka kikombe chini kwanza, nikakinyoosha, ndipo nikaanguka. Wekesa alinibeba nje kama gunia.

Daktari alikuja kuniona kwenye wadi. Alisema, "Hutaingia tena mle ndani, Njeri. Hata dakika moja." Alisema kwa upole ule ule, na nilijua hakuna mlango uliobaki.

Lakini kulikuwa na dirisha. Chumba cha mbu kina dirisha la kioo lisilofunguka, linaloangalia uani. Nilipotoka hospitalini nilikwenda nikakaa uani kwenye kiti kile cha plastiki, nikitazama ndani. Nilimwona Mama Simiyu akikagua vikombe vyangu. Nilimwona akisahau kikombe cha pembeni. Nikagonga kioo, nikamwonyesha kwa kidole. Siku iliyofuata nikagonga tena, kuhusu pamba. Na iliyofuata. Nilikuwa nimefika hatua ya kuandika maagizo kwenye karatasi kubwa na kuyainua juu, wakati Mama Simiyu alipokuja dirishani, akanitazama, akachukua kadibodi ya boksi la glavu, akaliziba dirisha kwa gundi ya karatasi. Nilisikia akibandika kila upande kwa makini.

Kisha akatoka nje, akasimama mbele yangu akijifuta mikono.

"Wewe msichana. Unadhani hawa mbu ni wako?"

"Hapana, Mama."

"Unadhani mimi sijui kuhesabu mbu waliokufa?"

"Unajua, Mama Simiyu."

"Basi enda kwa mama yako upumue."

Niliondoka Bungoma bila kujua jibu. Hiyo ndiyo sentensi niliyokuwa naikwepa tangu aya ya kwanza.

Kitale kuna baridi na hewa yake ni nzuri, kila mtu ananiambia hivyo. Nilirudi Tuwan. Mwenye duka la mbegu alinipa zamu za asubuhi. Jioni sasa ningeweza kukaa nje nikipenda, hakuna tena mtu anayehitaji damu yangu, lakini nilikuta kwamba saa kumi na mbili ikikaribia mkono wangu unafunga mlango wenyewe. Nililala bila kujua kilichotokea kwenye vikombe. Nilijizuia nisipige simu, kwa sababu nilijua ningeuliza juu ya mbu kabla ya kumuuliza mtu hali yake, na yeye angesikia.

Mama Simiyu ndiye aliyepiga.

"Wa mwisho amekufa jana," akasema. Hakunisalimu.

Nilisimama. "Alikuwa yupi? Mgonjwa ama mzima?"

"Nimempasua mwenyewe. Polepole, vile unafanyanga."

"Alikuwa yupi, Mama?"

"Kuja Matulo ukule kuku. Nitakuambia."

"Si uniambie tu kwa simu?"

"Simu haina kuku," akasema, akakata.

Nilichukua siku mbili kuamua, na sioni haya kuwaambia kwamba nilipanga maneno ya kukataa, nikayaandika, nikayasahihisha. Siku ya tatu nilikwenda. Nilifika Matulo jua likiwa limeshaanza kuwa jekundu juu ya miwa, saa ile ambayo kwa miaka yote ya kazi nilikuwa naziba ufa wa mlango. Wekesa alikuwepo, ameinua miguu juu ya jiwe. "Tuwan! Leo umekuja na jioni?" Hakusema zaidi. Wajukuu wawili wa Mama Simiyu walikuwa wakimfukuza kuku mwingine, aliyesalimika. Jiko lilikuwa limewekwa mbali, upande ambao upepo unaondoa moshi, na kiti kimoja kilikuwa kimewekwa upande wa pili, mbali na moshi lakini karibu na watu. Nilielewa ni cha nani.

Sikukikalia. Nilisimama na begi langu mkononi.

"Alikuwa yupi?" nikauliza.

Mama Simiyu alikuwa akipakua. Hakuinua kichwa. "Mgonjwa."

"Mgonjwa? Kwa hivyo njaa haikuwaangusha?"

"Iliwaangusha. Wagonjwa walikufa mbele, wengi wao, tena zile siku za maji. Daktari amesema iko wazi kabisa. Lakini huyo mmoja akabaki mpaka wazima wote wakaisha. Nimemfungua, mate yote imejaa. Tumbo limejaa makovu ya vifuko. Nikamwita Wekesa aone."

"Nikaona," akasema Wekesa.

"Kwa nini yeye?"

"Mimi nitajuaje? Alikataa tu." Akaniletea sahani, akaiweka kwenye kiti changu kwa sababu mikono yangu haikuwa tayari kuipokea. Mbu wa kwanza wa jioni alipita karibu na sikio langu, na bila kufikiri nilivuta mkono wa sweta hadi kwenye vidole. Mama Simiyu aliona.

"Neti nimekutungikia kwa chumba cha kijana wangu Simiyu," akasema. "Mpya. Utalala huko. Ulitaka kujua, na sasa umejua. Haya, kaa."

Niliinua sahani, nikakaa.